Maziwa ya Nambari Nne

Kila Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, Sirad Samatar, ambaye wenzake walimwita mama Falis, alikunja leso yake mara mbili, akaiweka mahali pake kwenye benchi la kituo cha afya, akaketi. Mahali pake palikuwa pa nne kutoka mlangoni, kwa sababu katika rejista ya karani yeye alikuwa Nambari Nne. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja na benchi lilitosha wanane, kwa hiyo watatu wa mwisho waliketi juu ya mawe wakilalamika. Malalamiko hayo yalianza mwaka wa themanini. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nne, nao walikuwa bado wanalalamika, ingawa kwa mazoea tu.

Walikuwa wanangoja utafiti.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na jina. Ulianza mwisho wa mwaka wa sabini na tisa, mvua za vuli zilipokwisha. Mtu alilala na ngozi yake nzima, akaamka ana alama mahali fulani mwilini: mstari, ndoano, msalaba, nukta, nyama imepanda na kung'aa vile kovu la moto la zamani linavyong'aa. Haikuuma wala haikuenea, lakini ilikuwa na tabia zake. Ekaale, mpakiaji wa malori, Mturkana mwenye mabega ya kubeba magunia mawili, alikuwa na yake pajani, na nzi akitua hapo paja lilitetemeka lenyewe mpaka nzi aende zake, hata Ekaale akiwa usingizini. Ntongai, Mmeru aliyeuza miraa karibu na stendi, hakupata mstari. Alipata pengo. Sikio lake la kushoto lilikutwa limekatwa pembe tatu ukingoni, safi, bila damu wala kisu, na tangu siku hiyo mbuzi wa mjini walimfuata popote alipokwenda. Jambo hilo lilimtaabisha kidogo, maana mbuzi hapendi kuelezwa kwamba miraa ni ya kuuzwa.

Alama ya Sirad ilikuwa shingoni, upande wa kushoto, chini ya sikio: mstari uliosimama, ndoano juu yake, nukta mbili chini. Kila alfajiri na kila alasiri, saa ambazo ngamia hukamuliwa, alama hiyo ilitoa maziwa.

Hayakuwa mengi. Kikombe kimoja asubuhi, nusu kikombe alasiri. Sirad alikuwa ameuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na hakuhitaji mtu wa kumwambia ni nini kilicholowesha kola ya gauni lake. Aliyanusa, akayaonja kwa ncha ya kidole, akajua hata malisho, kwa kuwa yalikuwa na chumvichumvi ya mti wa mswaki. Siku ya kwanza kabisa alipofika kituoni alisema wazi.

"Ni maziwa, karani. Ya ngamia."

Karani alikuwa Salesio, kijana mpole kutoka milimani Meru, mwenye mwandiko wa kupendeza na heshima iliyopita kiasi. Alitazama rejista yake juu mpaka chini.

"Mama, hapa iko nafasi ya kuandika majimaji tu."

"Basi andika vile unaweza."

"Rangi yake?"

"Nyeupe."

Salesio akaandika: majimaji meupe.

Rejista ilitaka pia mchoro wa alama. Salesio alikuwa tayari amechora paja la Ekaale na sikio la Ntongai, lakini hakuwa na ulimi wa kumwambia mama wa Kiislamu, wa umri wa mama yake mzazi, afungue shingo. Alimsogezea kalamu.

"Mama chora wewe mwenyewe. Vile iko."

Sirad alikuwa ameiona alama yake kwa kioo tu, na kioo chake kilikuwa kile cha pembeni mwa lori la marehemu mumewe, Guleid. Lori lilipouzwa kama vyuma vikuukuu, kioo kiling'olewa kikatundikwa ukutani jikoni. Akachora sawasawa na alivyoona kiooni, nukta mbili chini na ndoano ikielekea kushoto. Wote wawili waliutazama mchoro huo wakaridhika nao.

Shingo haikumsumbua Sirad. Kilichomsumbua kilikuwa kadi. Mtu wa kuuza maziwa mjini alihitaji kadi ya afya, na kadi ilitiwa sahihi na bwana afya, mtu mnene aliyepita sokoni kwa baiskeli akiinua vifuniko vya sufuria za watu. Bwana afya hakuwa mbaya. Alisema tu kwamba mtu mwenye ngozi isiyoelezeka hawezi kuuzia umma maziwa mpaka ngozi hiyo ielezwe, na kwamba kuieleza ni kazi ya Nairobi. Tangu siku hiyo Sirad hakuuza hata kikombe. Alisuka mikeka, kazi ambayo hakuipenda na hakujidai kuipenda. Kwenye safu ya wanawake wa maziwa wenzake walimwachia nafasi yake, upana wa vibuyu viwili, na vumbi lilikaa hapo miaka minne bila kukanyagwa.

Alichokitaka ni asubuhi zake. Lori kutoka Kulamawe linafika, vyombo vimefungwa juu kwa kamba. Unashusha cha kwanza, unafungua kifuniko, ule moshi wa kuni zilizofukizia chombo unapanda puani, na kabla hujaonja unajua nani alikamua na mnyama alikula nini. Hakuna mtu aliyewahi kumshinda Sirad kwa hilo. Alikuwa na maziwa shingoni na alikuwa haruhusiwi kuuza maziwa, na mara nyingine, akisuka peke yake, jambo hilo lilimtoa machozi ya hasira.

Utafiti ulikuwa umekuja mara moja. Mwezi wa pili wa mwaka wa themanini Daktari Kagure alishuka kutoka Nairobi kwa Landrova, mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ya upole, akakaa siku mbili. Alipiga picha za alama huku ameweka rula kando. Alichukua kipande cha ngozi kwa kila mtu, ukubwa wa punje ya dengu, akavitia kwenye chupa ndogo kumi na moja. Kisha akawauliza maswali kutoka kwenye karatasi ndefu: maji ya kunywa, sabuni, mafuta ya kupikia, samaki, safari za miaka mitano iliyopita. Samaki hawakuwapo na safari zilikuwa chache. Mwisho akatoa masharti. Wasipake alama sabuni wala mafuta, na wasisafiri kupita Gotu, ili atakaporudi baada ya miezi mitatu awakute wote. Hirbo, Nambari Saba, alikuwa na ng'ombe wake Sericho, mbele ya Gotu, kwa kaka yake. Alikuwa hajawaona tangu siku hiyo.

Baada ya miezi mitatu ilikuja barua. Ilisema kwamba sampuli zote zimekunywa dawa zilimohifadhiwa, kwamba chupa zinajazwa upya kila Jumatatu na kufikia Ijumaa ziko tupu, na kwamba kando ya chupa ya Nambari Tatu, yaani Ntongai, kumepatikana kinyesi cha mbuzi. Kituo kiliombwa kisitume sampuli nyingine zilizo hai. Salesio aliitia barua kwenye faili. Baada ya hapo Nairobi ikanyamaza. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyosema UTAFITI UNAENDELEA, na kila mwezi wa kwanza Salesio alipitisha wino juu ya herufi zilizofifizwa na jua.

Ndipo ukafika ule mwaka wa themanini na nne. Mvua ya masika haikunyesha. Vyombo kutoka Kulamawe vilipungua, kisha lori likawa linakuja bila chombo hata kimoja, na wanawake wenye kadi wakaketi sokoni na kadi zao. Sirad alipita akawasalimu, salaam aleikum, wakamwitikia, naye akashika njia huku shingo ikimlowesha. Siku hiyo aliamua kwamba kama utafiti wa Nairobi umepumzika, yeye atafanya wake.

Tangu utoto alikuwa mtu wa kuuliza. Marehemu Guleid alizoea kusema kwamba akimpeleka Sirad arusini, atarudi na habari za bibi arusi mpaka nyanya yake wa saba. Sasa akaketi benchini na birika la chai na kuwauliza wenzake maswali yaleyale ya daktari, ila hakuishia miaka mitano, kwa sababu hakuna aliyemwambia aishie hapo.

"Ekaale, wewe ulifanya kazi gani kabla ya malori?"

"Mimi ni kubeba tu, mama Falis, tangu zamani. Simiti, sukari, ngozi."

"Ngozi za wapi?"

Ekaale akatazama kikombe chake. "Zile za banda. Mwaka ile ya kambi."

Ntongai, ambaye alikuwa akimsukuma mbuzi kwa goti, akageuka. "Hata mimi nilikuwa hapo. Nilipaka hizo ngozi chumvi miezi tatu. Hiyo pesa ndiyo nilianzia miraa."

Hirbo alikuwa amezitundika kwenye fremu zikauke. Nambari Mbili alipikia wafanyakazi wa banda na kulalia ngozi moja. Nambari Tisa alishonea viatu. Sirad alizunguka benchi zima, akamalizia na wale wa kwenye mawe, na kufikia Jumanne ya tatu hakuna aliyebaki nje ya banda lile.

Kila mtu mjini aliijua kambi na hakuna aliyeizungumzia. Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Watu wa malisho walikusanywa na askari wa serikali ndani ya uzio, na wanyama wao ndani ya uzio mwingine usio na jani, na amri ilikuwa kwamba mnyama atakayetoka nje apigwe risasi. Waborana huuita wakati huo Daba, kusimamishwa. Wanyama wasiopigwa risasi walikufa wakiwa wamesimama. Ngozi zao zilitolewa kwa lori hadi banda la mjini, zikatiwa chumvi, zikauzwa. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wezi. Kila mmoja alikuwa na kibali chenye muhuri, na watoto wa kulisha.

Lori lilikuwa la Guleid.

Sirad alirudi nyumbani siku hiyo na kuutoa mkanda wake wa kubebea chombo cha maziwa. Ulikuwa wa ngozi ya ngamia, mpana, imara. Aliukata yeye mwenyewe kutoka kwenye kipande cha shingo ambacho Guleid alikileta, akauvaa miaka kumi na mbili, chombo kikining'inia ubavuni na mkanda umepita shingoni chini ya sikio la kushoto. Alikumbuka kwamba palikuwa na mahali penye mikwaruzo ambapo kidole gumba kilipenda kupumzika. Hakuwahi kupatazama, kwake mkanda ulikuwa mkanda. Sasa aliupitisha mkononi mwanzo mpaka mwisho, na ulikuwa laini wote. Aliketi sakafuni jikoni akaona haya, haya ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

Alikuwa amejua alama zilikotoka, kwamba ni chapa za wanyama wale. Hakujua yake ni ya nani, na hilo lilikuwa lazima alijue, kwa sababu huku mnyama wa mwenzako akikufikia humfichi. Unamnywesha na kumtunza mpaka mwenyewe aje. Na anayemtafuta mnyama wake huchora chapa mchangani kwa fimbo mbele ya kila amkutaye, na aliyeiona lazima aseme.

Mtu wa kumuuliza alikuwa pale pale getini. Jirma, bawabu wa kituo, zamani alikuwa na ngamia wa kujaza bonde. Sasa alikuwa na kibao cha kukalia, rungu na koti kubwa la kijeshi. Miaka yote minne alikaa amelipa benchi bega, kwa adabu, ili asiwatazame wanawake wa watu wakifunguliwa vidonda. Sirad alimwendea, akamsalimu, akaokota kijiti, akachora vumbini mbele ya miguu yake kile alichokiona kiooni kila siku.

"Mzee Jirma, hii chapa ni ya nani?"

Jirma aliitazama kwa muda mrefu. Aliinama, akaitazama tena.

"Inafanana na yangu," alisema. "Lakini yangu inaangalia kichwa. Hii inaangalia mkia. Hii ni ya watu ya Sericho."

"Una hakika?"

"Mama Falis, mtu anaweza kusahau jina yake, lakini hiyo hawezi."

Sirad akatuma salamu Sericho kwa dereva wa lori, na mchoro juu ya karatasi ya sigara. Jibu lilichukua wiki saba. Watu wa Sericho walisema chapa yao ina nukta tatu, wakamshukuru kwa kuuliza, wakamwuliza kama huko kuna mvua.

Jumanne iliyofuata Salesio aliwaita watie sahihi rejista ya robo mwaka. Sirad aliinama juu ya meza, na asubuhi hiyo maziwa yalikuwa yamechelewa. Yakashuka yote kwa pamoja juu ya ukurasa wake.

"Si neno, mama, si neno," alisema Salesio, akaunyanyua ukurasa kwa ncha za vidole na kuusimamisha dirishani ukauke. Karatasi iliyokunywa mafuta ya maziwa ilikuwa imekuwa angavu, na jua likapita ndani yake.

Nje ya dirisha Jirma alikuwa akipeleka ndoo ya maji bombani. Alisimama. Kwa upande wake wa dirisha mchoro ulionekana kwa nyuma, ndoano ikielekea kulia, kwenye kichwa, kinyume na kioo kilivyoionyesha. Aliweka ndoo chini polepole ili maji yasimwagike.

"Adi," alisema, jina la ngamia ambalo kwa Kiborana ni Mweupe.

Hakuliita kwa sauti kubwa. Lakini shingo ya Sirad iligeuka yenyewe kuelekea dirishani, yote, kwa mwendo mrefu wa taratibu ambao si wa mwanadamu, na maziwa yakashuka tena, mengi kuliko siku zote, yakapita bega na kiwiko yakatiririka sakafuni. Salesio akaleta beseni.

Jirma aliingia, akavua kofia, akabaki karibu na mlango.

"Ni yeye," alisema. "Ukimwita kwa kushoto anageuka vile."

Sirad alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Yote yalimkimbia isipokuwa moja.

"Mzee Jirma, ni lori ya Guleid ndiyo ilibeba. Na mimi nilikata mkanda."

"Lori najua. Niliiona ikitoka getini. Ilikuwa na kioo upande moja tu." Alitazama sakafu, akatazama beseni. "Unamnywesha?"

"Namwagia maji kila jioni. Nilidhani ni joto tu."

"Adi hapendi maji ya jioni. Mpe adhuhuri."

"Nitampa adhuhuri."

"Alikuwa na maziwa wakati huo," alisema Jirma. "Alitoka kufuata mswaki nje ya waya. Hatua kidogo tu, hata mtoto angefika. Na sisi tulikuwa na mtoto. Kaltuma. Mwaka moja na nusu. Mama yake alikuwa amekauka, tulikuwa tunategemea huyu." Aliivaa kofia. "Wacha nipeleke maji."

Akatoka kuchukua ndoo yake. Sirad alilia waziwazi mbele ya karani, wala hakujifunika uso.

Habari zilifika mbali, kama kawaida yake. Jumanne zilizofuata wenye wanyama walikuja kutoka Kulamawe, kutoka Gotu, wengine kwa miguu siku mbili. Walisalimu benchi, wakatazama, wakatambua. Bibi mmoja alizungumza na sikio la Ntongai asubuhi nzima na kulikemea kidogo. Ekaale aliletewa magadi, akayalamba, akasema kwa kweli alikuwa ameyakosa bila kujua. Mwenye ng'ombe wa Nambari Mbili aliketi tu karibu naye hadi saa ya kufunga, akaondoka. Hakuna mtu aliyedai chochote. Walitaka kujua kama wanyama wao wananyweshwa.

Alama zilikaa palepale, lakini wagonjwa walilala vizuri zaidi.

Sasa Sirad akaona kadi yake inakaribia. Chanzo kimejulikana, wenye wanyama wamethibitisha, na hakuna aliyeambukizwa isipokuwa waliokuwa bandani. Alimwendea bwana afya, naye akashuka kwenye baiskeli kumsikiliza, kwa kuwa hakuwa mbaya.

"Mama, Nairobi wakiandika chanzo ni hicho, mimi natia sahihi siku hiyo hiyo. Hata kama ni Jumapili."

Salesio aliandika barua. Aliandika siku tatu, kwa mwandiko wake mzuri, na kwa mara ya kwanza aliongeza karatasi ambayo haikuwamo kwenye fomu. Aliandika majina ya wagonjwa, majina ya wanyama na majina ya wenyewe. Aliandika mwaka, kambi, lori na banda. Mahali pa majimaji meupe alifuta, akaandika maziwa. Sirad alipeleka bahasha posta yeye mwenyewe, akamngoja mtu wa posta aigonge muhuri ndipo akaondoka.

Wiki hizo alifukiza vibuyu vyake. Alivisugua, akavitia makaa ya kuni nzuri, akavifunga moshi ukae. Alikwenda sokoni akafagia mahali pake. Wenzake walimtania kwamba anafagia mapema, mvua yenyewe haijaamua. Alicheka nao. Ulikuwa muda mrefu tangu acheke hivyo.

Jibu lilifika mwezi wa kumi. Salesio alilisoma kwa sauti mbele ya benchi, maana lilikuwa la wote. Halikutoka kwa Daktari Kagure, aliyekwisha kuhamishiwa utafiti mwingine, bali kwa mtu ambaye sahihi yake haikusomeka. Barua iliwashukuru wagonjwa kwa ushirikiano. Ilisema kwamba kumbukumbu zilizopo zimepekuliwa, na kwa mujibu wake hakukuwa na mifugo mahali palipotajwa katika mwaka uliotajwa. Kwa kuwa hakukuwa na mifugo, hakuna iliyokufa. Na kwa kuwa hakuna iliyokufa, alama haziwezi kuwa zake. Chanzo kwa hiyo bado hakijulikani. Masharti ya kutosafiri kupita Gotu yanaendelea. Watafiti watafika mvua zitakapokwisha. Mwisho ilieleza kwa masikitiko kwamba sampuli zote kumi na moja zimepotea, dirisha la maabara likiwa limeachwa wazi, na kwamba mara ya mwisho zilionekana zikielekea kaskazini.

Salesio alikunja karatasi.

"Mvua zitakapokwisha," alisema Ntongai. "Kwani zimeanza?"

"Zikija kaskazini zitafika hapa," alisema Ekaale, akimaanisha sampuli. "Njia ni moja."

Jirma alikuwa amesikiliza kutoka getini. Alikwenda akafungua geti lote, pande mbili, akaliegemeza kwa jiwe lisijifunge. Tangu siku hiyo hakulifunga, mchana wala usiku.

Sirad aliichukua barua, akaisoma mwenyewe, akaigeuza nyuma na kuishika kwenye jua aone kama kwa upande huo inasema kitu kingine. Haikusema. Alimrudishia karani, akaenda zake nyumbani, akavitazama vibuyu vilivyokwisha kufukizwa.

Kesho yake haikuwa Jumanne, lakini alikwenda kituoni. Alikuwa amekinga maziwa ya alfajiri katika kibuyu kidogo kuliko vyote. Alimkuta Jirma ameketi kwenye kibao chake, na kando yake, juu ya kokoto, ameketi Kaltuma. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu mwaka ule wa kambi, na alikuwa bado na mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na ushanga mmoja wa buluu shingoni na vumbi miguuni, vumbi la kutembea mbali.

"Nagaa, mama Falis," alisalimu Jirma. "Amekuja na alfajiri. Geti ilikuwa wazi."

"Nagaa, mzee Jirma. Sasa huyu si lazima anywe?"

"Lazima anywe."

Sirad alimimina. Moshi wa kibuyu ulipanda, na kwa ule uzoefu wake akasema bila kufikiri, mswaki, na majani machanga, na kidogo mgunga. Jirma akaitikia kwa kichwa. Kaltuma alishika kikombe kwa mikono miwili.

Bwana afya alikuwa akipita kwa baiskeli. Akakanyaga chini mguu mmoja.

"Mama, hayo maziwa yanauzwa?"

"Hayauzwi. Yako na mwenyewe."

Bwana afya alimtazama Sirad, akamtazama bawabu, akamtazama mtoto. Alitoa daftari lake mfukoni, akatafuta mahali pa kuandika, hakupata, akalirudisha.

"Kama hayauzwi ni sawa," alisema. Akawatakia siku njema, akaendelea na safari yake.

Mtoto alikunywa mpaka kikombe kikamfunika uso wote. Alipokishusha alikuwa na mstari mweupe juu ya mdomo. Alikitazama ndani, akamnyoshea Sirad, akaomba kingine.

Sirad aliinua kibuyu, akakigeuza. Yalidondoka matone mawili. Mengine hayangepatikana mpaka alasiri.

"Ngoja kidogo, mama," alimwambia.

Na Kaltuma, ambaye alikuwa amezoea, akapanda kwenye benchi, akakaa mahali pa nne, akangoja.